Umepata mbwa mdogo chotara? Anzia hapa

Maswali ni yale yale kila mara. Atakua hadi wapi? Ale mara ngapi kwa siku? Aogeshwe lini? Mbona anakojoa ndani ilhali nimetoka naye sasa hivi? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, sasa nayaandika ili upate pa kurejea usiku wa manane, mbwa analia na huna wa kumuuliza.

Kwanza tuelewane juu ya neno chotara. Mbwa wa mbegu moja anajulikana mapema: manyoya yatakuwaje, atafika kilo ngapi, ukoo wake huugua nini. Chotara hana taarifa hizo. Hata ndugu wa uzao mmoja huweza kutofautiana baba, kwa sababu jike akipandwa na madume wawili katika joto moja (kipindi kimoja cha kutaka dume) anaweza kuwazalia wote. Kwa hiyo usimalize siku zako ukikisia ana damu ya nani. Mshike, mpime, andika. Vidole vyako na daftari vitakueleza mengi kuliko jina lolote la mbegu.

Neno mdogo nalo si la kupuuza. Hapa namzungumzia mbwa ambaye akikomaa hafiki kilo 10. Mbwa wa kilo 5 akiongezeka kilo 1 ni sawa na mtu wa kilo 70 kuongezeka kilo 14. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kinachomgusa: kidonge, kipande cha chokoleti, mlo uliorukwa, siku moja ya kuharisha. Kosa ambalo mbwa mkubwa analibeba, mdogo linamwangusha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika

- Mabakuli mawili mazito, ya chuma kisichoshika kutu au ya kauri. Bakuli jepesi hupinduka, na mbwa mdogo hukaa na kiu bila wewe kujua.
- Kizimba au boksi la kulalia analoweza kusimama, kugeuka na kujinyoosha ndani yake, basi. Kikubwa zaidi ya hapo atalala upande mmoja na kukojoa upande wa pili.
- Mkanda wa kifuani na kamba ya kutembezea ya mita 1.5 hadi 2.
- Kola nyepesi yenye kibati cha namba yako ya simu.
- Chakula kile kile alichokuwa akila alikotoka, cha kutosha wiki mbili.
- Brashi, kitana cha chuma, mkasi wa kucha za mbwa, mswaki mdogo laini na dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa.
- Kibanio cha kutolea kupe.
- Mizani. Ya jikoni inatosha kwa mtoto wa mbwa. Akizidi, panda naye kwenye mizani ya watu kisha toa uzito wako.
- Kipimajoto cha kidijitali ambacho kitakuwa chake peke yake.
- Daftari, na namba mbili za daktari wa mifugo: wa mchana na anayepokea simu usiku.

Kisha piga magoti uitazame nyumba kutoka usawa wa macho yake. Utaona nyaya za umeme, sumu ya panya nyuma ya kabati, kidonge kilichodondoka chini ya kitanda, mwanya chini ya geti. Kichwa chake kikipita, mwili unafuata.

Hatua

1. Siku tatu za kwanza, mpunguzie dunia. Mpe chumba kimoja au kona moja. Mwonyeshe maji, kitanda na mahali pa kujisaidia, halafu mwache anuse. Usiwaite jirani wote waje kumwona. Usimwogeshe siku hiyo, hata kama ananuka. Mbwa aliyehamishwa huweza kukataa chakula siku ya kwanza na kulia usiku; weka kizimba chake karibu na kitanda chako ili akusikie ukipumua, na umsogeze mbali kidogo kidogo baada ya wiki. Kama ni mtoto, asiwe ametolewa kwa mama yake kabla ya wiki 8.

2. Ndani ya wiki ya kwanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Beba kinyesi kibichi ndani ya chombo kilichofungwa ili kipimwe minyoo. Watoto wa mbwa hupata minyoo tumboni mwa mama na kwenye maziwa yake, kwa hiyo "anaonekana msafi" si hoja.

Chanjo za msingi ni za pavo (virusi vya kuharisha damu), distempa (virusi vinavyoshika mapafu na ubongo) na homa ya ini ya mbwa. Mtoto huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Watu wengi huacha baada ya ya kwanza wakidhani kazi imekwisha. Kinga aliyoipata kwa mama bado imo mwilini na inaweza kuizima chanjo, na hakuna ajuaye itaisha wiki gani. Ndiyo sababu ya kurudia. Kichaa cha mbwa huchanjwa kuanzia takriban wiki 12, kwa utaratibu wa sheria ya unakoishi. Mbwa mkubwa asiye na kumbukumbu zozote hesabu kuwa hajachanjwa.

Kabla chanjo hazijakamilika, usimweke chini mahali ambapo mbwa usiowajua hupita. Virusi vya pavo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Mbebe mikononi aone dunia kutoka juu.

*Onyo.* Dawa nyingi hutolewa kwa uzito, kwa hiyo usikate kidonge cha mbwa wa kilo 20 kwa kukisia. Kwa chotara kuna jambo la ziada: baadhi ya mbwa wenye damu ya collie na jamaa zake wa kuchunga kondoo wamerithi hitilafu inayoiruhusu aivamektini, dawa ya minyoo na wadudu, kupenya hadi kwenye ubongo. Kwa sura huwezi kujua kama wako anayo. Aivamektini ya ng'ombe, iliyokusudiwa mnyama wa mamia ya kilo, isimkaribie kabisa.

3. Mlishe kwa kipimo, si kwa huruma. Chini ya miezi 3, milo minne kwa siku. Miezi 3 hadi 6, mitatu. Baada ya hapo miwili inatosha. Kwa mtoto wa mbwa mdogo milo hii si anasa: sukari ya damu yake huisha upesi, na akipitisha saa nyingi bila kula anaweza kulegea, kuyumba, hata kupata degedege.

Anza na kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko wa chakula, kisha acha mbavu zikuongoze. Kunja ngumi, papasa vifundo vyako: mbavu zikihisiwa hivyo, amekonda. Nyoosha mkono, papasa mgongo wa kiganja penye mifupa: hapo ndipo panapotakiwa. Geuza, bonyeza kiganja chenyewe karibu na kidole gumba: mbavu zikijificha hivyo, amenenepa, punguza. Fanya hivi kwa vidole, kwa sababu manyoya hudanganya macho. Chotara mwenye manyoya mengi huweza kukonda mwezi mzima mbele yako na usione.

Mbwa mzima wa kilo 5 aliyefungwa kizazi hutumia takriban kalori 370 kwa siku. Kipande cha jibini cha gramu 30 kina karibu 120. Umempa theluthi ya siku yake kwa mara moja, halafu unashangaa hamalizi bakuli. Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake.

Ukitaka kubadilisha chakula, tumia siku saba: robo kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, kisha chote. Ukimpikia mwenyewe, nyama tupu haitoshi kwa kuwa ina kalsiamu kidogo mno, na mtoto akilelewa kwa nyama tupu mifupa yake hulainika. Mwombe daktari akupangie.

Maji yawepo saa zote. Kadiria mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku. Wa kilo 5 ni karibu kikombe kimoja au zaidi kidogo. Akianza kunywa maradufu bila joto wala mazoezi, andika, na umwone daktari.

*Asile kabisa:* chokoleti, zabibu mbichi wala kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu (vibichi au vilivyopikwa), karanga za makadamia, pombe, kahawa, donge la unga wenye hamira, na chochote chenye zailitoli, ile sukari ya kutengeneza inayotiwa kwenye chingamu na peremende zisizo na sukari. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Dawa za maumivu za binadamu nazo zimo humu: kidonge kimoja cha ibuprofeni au cha parasetamoli kinatosha kumtia sumu mbwa wa kilo 4.

4. Mfundishe mahali pa kujisaidia. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na mara nyingi kosa ni la ratiba.

Chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja: ndizo saa anazoweza kujizuia mchana, kwa makadirio ya juu. Wa miezi 2 ni saa 3. Punguza hata hapo, kibofu chake ni kidogo. Mtoe mara anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Mpeleke pale pale kila siku, kwa kamba, usimame kimya. Watu huzungumza naye, humchezea, naye anasahau kilichomleta. Mkirudi ndani anakumbuka. Akimaliza, msifu na mpe kitafunio hapo hapo. Ukingoja mpaka mlangoni, umemlipa kwa kuingia ndani.

Akikosea ndani, futa tu. Usimsugue pua kwenye mkojo wala usimpige. Atakachojifunza ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, na kesho atakwenda nyuma ya kochi. Safisha kwa dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja harufu. Usitumie sabuni yenye amonia, maana kwake inanuka kama mkojo na inamwita arudi.

Siku za mvua mvumilie. Tumbo lake liko sentimita chache kutoka ardhini, na nyasi zilizolowa humfika kifuani. Mtengenezee pembe moja iliyoezekwa.

5. Kila wiki, siku moja, mpapase kutoka pua hadi mkia. Kama una muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii. Dakika kumi, amekaa mapajani, mwanga mzuri.

Inua mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole: panageuka peupe kisha waridi inarudi kabla hujahesabu mbili. Fizi nyeupe, za bluu au kavu zinazonata ni habari mbaya. (Chotara wengine wana fizi nyeusi kwa asili, tafuta doa la waridi, au tumia upande wa ndani wa kope la chini.) Macho yasiwe na tongotongo la kijani. Nusa masikio: harufu ya chachu au uozo si ya kawaida. Pitisha vidole chini ya taya, shingoni, kwapani, kinenani. Tanua kila kidole cha mguu. Pima mbavu kwa ule mtihani wa ngumi. Inua mkia: punje ndogo nyeupe kama za mchele karibu na mkundu ni vipande vya tegu, na tegu huyu huletwa na viroboto, kwa hiyo una kazi mbili. Mwisho, akilala fofofo, hesabu pumzi kwa dakika moja. Zikizidi 30 siku kadhaa mfululizo, daktari amsikilize moyo.

Andika tarehe, uzito, pumzi na chochote kipya.

Jike wangu, kilo 5.8, alikuwa anakimbia na kula kama kawaida. Jumapili moja kidole changu kikakuta kati ya vidole vya mguu wake wa mbele uvimbe usiozidi punje ya dengu, wenye tundu dogo lililolowa. Alikuwa akipalamba, nami nikadhani anajisafisha. Daktari alichota humo mbegu ya nyasi yenye ncha, urefu wa kama sentimita 2, iliyokuwa ikitambaa kuelekea juu. Mbegu za namna hiyo haziwezi kurudi nyuma, husonga mbele tu. Tangu siku hiyo situmii macho peke yake.

Ukikuta kupe: kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, taratibu, bila kukamua tumbo lake. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Safisha ngozi, andika tarehe. Akipata homa au akilegea wiki zinazofuata, mwambie daktari habari za kupe huyo. Dawa ya kinga ya kupe na viroboto chagua kwa uzito wake, na kama kuna paka nyumbani soma lebo mara mbili: pemethrini, sumu ya wadudu iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mbwa, huua paka.

6. Yajue manyoya yake, kisha uyashughulikie. Mafupi yaliyolala: brashi mara moja kwa wiki. Yenye matabaka mawili, la nje gumu na la ndani kama pamba: mara mbili au tatu, na usimnyoe, kwa kuwa tabaka la ndani humkinga na jua pia, na yakinyolewa huweza kuota vibaya. Ya kujiviringa yasiyopukutika: kila siku au siku mbili, na kunyolewa kila wiki 6 hadi 8. Chotara huweza kuwa na aina mbili mwilini mwake, na manyoya ya utotoni hubadilika anapokaribia mwaka, kwa hiyo usichoke kukagua.

Brashi hupita juu juu. Kipimo cha kweli ni kitana kipite kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama, hasa nyuma ya masikio, kwapani na pale mkanda wa kifuani unapokaa. Yakiwa yamefungamana usimwogeshe kwanza, maji hukaza mafundo. Usikate fundo kwa mkasi likiwa limeshikana na ngozi. Ngozi ya mbwa mdogo ni nyembamba, na hupanda pamoja na fundo.

Kumwogesha, mara moja kwa wiki 4 hadi 6 inatosha wengi wao. Maji ya uvuguvugu, shampuu ya mbwa, masikio yasiingie maji, suuza mpaka maji yatoke safi, kisha mkaushe kabisa. Mbwa mdogo hupoteza joto upesi akiwa amelowa.

7. Piga mswaki. Mbwa mkubwa na mdogo wote wana meno 42. Mdogo ameyabana kwenye taya dogo, chakula hunasa, na ugonjwa wa fizi huwapata hawa kuliko wakubwa. Siku ya kwanza mpe alambe dawa kidoleni. Siku ya tatu sugua kwa kidole. Wiki ya pili tumia mswaki, upande wa nje wa meno tu, sekunde 30. Lenga kila siku. Dawa ya meno ya binadamu hapana, atameza floridi, na nyingine zina zailitoli.

Meno ya utotoni, 28, hung'oka kati ya miezi 4 na 7. Akifikisha miezi 7 ukaona chonge mbili zimesimama bega kwa bega, la mtoto limegoma kutoka. Usingoje, litapindisha la ukubwani. Madaktari wengi hulitoa siku ile ile anapofungwa kizazi, ili apewe usingizi mara moja.

8. Kata kucha kila wiki 3 au 4. Ukisikia zinagonga sakafu, umechelewa. Kata milimita 1 au 2 tu. Kwenye kucha nyeusi, kata kidogo kidogo ukitazama uso uliokatwa. Ukiona kitone cheusi chenye unyevu katikati, simama, nyuma yake kuna nyama na mshipa. Ikitoka damu bonyeza kwa unga wa mahindi laini dakika chache. Usisahau ukucha wa pembeni usiogusa ardhi. Huota kwa duara na kuingia nyamani.

9. Mtembeze kwa mkanda wa kifuani. Kamba usiifunge kwenye kola. Bomba la hewa la mbwa wadogo wengi ni dhaifu, na kila mvuto shingoni hulidhuru. Matembezi mawili ya dakika 20 hadi 30 yanamtosha mzima, pamoja na muda wa kunusa. Kunusa humchosha vizuri kuliko kukimbizwa. Kabla ya kutoka jua likiwa kali, weka mgongo wa kiganja chini sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, naye hawezi. Mwenye pua fupi hupungukiwa pumzi mapema. Mtoe alfajiri na jioni.

Akiwa na mgongo mrefu na miguu mifupi, mwekee kipandio kwenye kochi. Unapomnyanyua, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, kamwe si kwa miguu ya mbele. Watoto wafundishwe hili kabla ya kumgusa.

10. Mfundishe kama ungemfundisha mbwa wa kilo 40. Akiwa mdogo kila mtu hucheka anaponguruma juu ya bakuli au kurukia wageni. Hakuna ambaye angecheka kama angekuwa mkubwa, na mwisho mbwa huyu hung'ata mtoto. Kuanzia wiki 3 hadi karibu 14 ubongo wake huamua nini ni cha kawaida: mwonyeshe wenye kofia, wazee wenye mikongojo, watoto, sauti za vyombo, gari, mbwa wapole waliochanjwa. Kila kipya kiambatane na kitafunio, na akitaka kurudi nyuma mruhusu.

Kumzoesha kubaki peke yake anza na dakika 1, kisha 5, kisha 15. Ondoka bila kuaga kwa machozi, rudi bila shangwe. Akiita kwa kelele ngoja anyamaze walau sekunde chache ndipo uingie.

11. Amua mapema juu ya kizazi. Jike mdogo huweza kuingia joto la kwanza akiwa na miezi 6, na huchukua kama wiki tatu. Geti lililofungwa halitoshi, dume huruka na kuchimba. Kwa chotara mdogo hatari ni saizi ya baba: akipandwa na dume mkubwa, siku 63 baadaye watoto huenda wasipite. Zungumza na daktari kuhusu kumfunga kizazi au kumhasi dume, na wakati unaofaa umbo lake. Jike asiyefungwa akinywa maji mengi, kulegea au kutokwa na usaha wiki chache baada ya joto, mji wa mimba umeoza. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Mambo yakienda kombo

*Amekataa chakula.* Je, amekomaa? Ni mchangamfu? Ametapika? Kama hajatapika na anacheza, ondoa bakuli baada ya dakika 20, rudisha wakati wa mlo ujao, na usimbembeleze kwa nyama. Zaidi ya saa 24 kwa mzima ni kwa daktari. Mtoto wa mbwa mdogo usimpe muda huo: akikosa milo miwili, piga simu.

*Anaharisha lakini anacheza.* Kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala chumvi pamoja na wali mweupe, kidogo kidogo, siku moja au mbili. Ikiwa na damu, au anatapika pia, au hajamaliza chanjo, usijaribu tiba ya nyumbani.

*Anajikuna.* Simamisha mbwa juu ya karatasi nyeupe iliyolowa, mpitishe kitana. Vumbi jeusi likidondoka na kuacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Viroboto wengi hawako kwake, wako kama mayai na mabuu kwenye zulia na matandiko: fua kwa maji ya moto, piga ufagio wa umeme kila siku, endelea na dawa miezi 3. Wanaoacha baada ya wiki mbili huanza upya.

*Anaburuza makalio.* Vifuko viwili vya tezi pembeni mwa mkundu vimejaa. Daktari avikamue na akuonyeshe. Usijaribu kwa kusoma.

*Anakohoa kama bata bukini akifurahi.* Bomba la hewa linabonyea. Toa kola, punguza uzito, mchunguze.

*Anaruka na mguu mmoja wa nyuma hatua mbili tatu kisha anaendelea.* Pia ya goti inachomoka mahali pake. Mrekodi kwa simu, maana kwa daktari atatembea vizuri.

*Anatetemeka.* Baridi, woga, au maumivu. Mfunike dakika kumi. Asipotulia, soma chini.

*Alishajua, sasa anakojoa ndani tena.* Kabla ya kumlaumu, apimwe mkojo.

Usingoje asubuhi

Kupumua kwa shida au ulimi wa bluu. Fizi nyeupe. Degedege. Tumbo lililovimba na kujaribu kutapika bila kitu. Kujikaza kukojoa bila mkojo. Kutapika au kuharisha mfululizo kwa mtoto. Ameng'atwa na mbwa mkubwa, hata kama tundu ni dogo: jino huingia padogo na kurarua ndani. Amekula sumu, hata kama bado anatikisa mkia. Joto la mwili la kawaida ni takriban nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi; likipita 40 baada ya jua, mmwagie maji ya baridi ya kawaida, mpepee, huku mkielekea kwa daktari.

Mtoto aliyelegea kwa njaa mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, usimmiminie kooni, kisha ondokeni. Aliyekula sumu usimtapishe mwenyewe mpaka daktari aseme, maana vingine huunguza mara ya pili vikirudi.

Na akimng'ata mtu, au wewe ukang'atwa na mbwa asiyejulikana chanjo zake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, hakuna tiba.

Unapopiga simu, fungua daftari kwanza. Taja uzito wake, umri, alichokula na kiasi, saa ngapi, rangi ya fizi, pumzi kwa dakika. Kama kuna pakiti ya dawa au sumu, ibebe mkononi.